Barua ya wazi kwa wakubwa wa Arusha: Gari la zimamoto lililostaafu lisiuzwe kwa kilo

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha,
Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Arusha,
Afande Kamanda wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Mkoa wa Arusha.

YAH: OMBI LA KUHIFADHI WALAU GARI MOJA LA ZAMANI LA ZIMAMOTO LIKIWA ZIMA NA LINAFANYA KAZI

Waheshimiwa, salaam.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi magari. Gereji yangu iko Unga Limited, na siku nyingi nashinda chini ya Fuso, Noah na Land Cruiser za watalii, kwa kuwa hizo ndizo zinazolipa ada za watoto. Ila mapenzi yangu yako kwenye magari ya zimamoto ya zamani: Dennis, Bedford, Magirus, Land Rover zenye pampu puani. Mafundi wenzangu wameshazoea. Mtu akisafiri hadi Korogwe au Singida akaona gari jekundu kuukuu limelala kwenye nyasi, ananirushia picha kwenye simu na swali lile lile: "Na hili, mzee, la mwaka gani?"

Nimeandika hadharani badala ya kuleta barua masijala kwa sababu jambo hili linagusa ofisi tatu, na barua inayogusa ofisi tatu huwa inazunguka kati ya hizo tatu mpaka inachakaa bahasha.

Ninachoomba ni hiki. Gari la zimamoto linapofutwa kwenye orodha ya mali ili liende mnadani, kabla nyundo haijagongwa, litazamwe pia kama kumbukumbu. Na kati ya yatakayofutwa, walau moja libaki Arusha, likiwa zima, injini inawaka, pampu inatoa maji, mahali ambapo mwananchi anaweza kulifikia bila kibali cha mtu.

Gari la zimamoto halifanani na lori lingine lolote mnaloliuza. Lori la kawaida kazi yake ni kwenda, likifika limemaliza. La zimamoto likifika ndipo linaanza. Dereva anavuta handibreki, anaiondoa nguvu ya injini kwenye magurudumu na kuipeleka kwenye pampu, na injini inanguruma hapo hapo iliposimama, saa moja, saa tatu, usiku kucha ikibidi. Ndiyo maana kilomita za kwenye dashibodi hazisemi kitu. Unaweza kukuta gari lina kilomita chache kama la mwalimu mstaafu anayeendesha Jumapili tu, kumbe injini imeshakula masaa ya kutosha kulimaliza basi la mkoani. Na kwa kuwa gari limesimama, hakuna upepo wa barabarani wa kuipoza rejeta. Watengenezaji wa zamani walilijua hilo. Wakachepusha sehemu ya maji ya pampu yapite kwenye kipoozeo cha injini, yaani maji ya kuzimia moto yakawa pia yanaizuia injini yenyewe isiungue. Kila nikilifikiria bomba lile dogo navua kofia.

Dennis wa Guildford, Uingereza, ambao gari lao la kwanza la zimamoto lilikwenda mji wa Bradford mwaka 1908, baada ya Vita Kuu ya Pili walitengeneza gari liitwalo F12. Ndani yake waliweka injini ya Rolls-Royce B80, silinda nane zimepangwa mstari mmoja, lita 5.7, petroli. Wateja wangu wakisikia Rolls-Royce wanamfikiria gavana na kofia yake ya manyoya. Hii ilikuwa inabeba watu wenye helmeti, ngazi na mipira iliyolowa.

Lakini gari ambalo ningependa kila diwani wa Jiji alifahamu ni jingine. Kati ya 1953 na 1956 Serikali ya Uingereza iliagiza magari ya pampu juu ya chesisi ya Bedford, yakapakwa rangi ya kijani, na watu wakayaita Green Goddess. Injini silinda sita, lita 4.9, nguvu ya farasi 110. Pampu yake iliweza kusukuma galoni 900 kwa dakika, kama lita 4,000. Na tangi? Galoni 400 kwa yale ya kawaida, 300 kwa yale ya fowili. Pigeni hesabu wenyewe. Pampu ikifunguliwa yote, tangi linakauka kabla ya nusu dakika.

Waliolichora hawakuwa wajinga. Waliogopa vita ya nyuklia. London ikipigwa, mabomba ya maji yaliyo chini ya barabara yangepasuka, na gari la kutegemea mabomba lingekuwa pambo. Kwa hiyo wakataka gari la kunyonya maji mtoni au bwawani na kuyasukuma, gari linapokeza gari, kwa mipira mirefu hadi yanapohitajika. Tangi lilikuwa la kuanzia tu, kupata maji ya kwanza wakati wenzako wanafunga mipira. Vita ile haikuja. Magari yakakaa stoo, na mwaka 1977 wazimamoto wa nchi nzima walipogoma, wanajeshi wakayatoa. Wakayatoa tena kwenye mgomo wa 2002, wakati huo yana umri wa karibu miaka 50, na yakawaka.

Nimelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ya sentensi inayotoka mdomoni mwa Watanzania kila nyumba inapoungua: "Zimamoto wamekuja bila maji." Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, hata huku kwetu kila kijiwe kilikuwa na mtaalamu wa zimamoto. Afande, wewe unalijua jibu kuliko mimi. Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 1,000 kwa dakika limekwisha ndani ya dakika tano, na halina kosa lolote. Lilitengenezwa likijua kwamba karibu na moto kuna haidranti, yaani bomba la barabarani la kuchotea maji ya kuzimia moto, au mto, au gari jingine la kulipokeza. Haidranti ikiwa imefukiwa na lami au imejengewa kibanda cha chipsi, hata gari jipya lililotoka bandarini jana litaonekana la kizembe. Mwananchi haelezwi hivi kwa semina. Aelezwe kwa kuoneshwa: tangi hili hapa, pampu hii hapa, washa, hesabu hadi ishirini na saba. Watoto wa shule ya msingi watalielewa, na jioni watamweleza baba yao mwenye kibanda.

Halafu kuna sehemu ya historia hii ambayo ni yetu watu wa Arusha na hakuna makumbusho ya Ulaya yatakayoieleza kwa niaba yetu. Nayo ni hewa.

Pampu haivuti maji, ingawa wote tunasema hivyo. Inachofanya ni kutoa hewa ndani ya mpira wa kunyonya, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pale Tanga, usawa wa bahari, hewa inaweza kuyainua maji mita 10.3 kinadharia, basi, hata ulete pampu ya kutoka mbinguni. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu. Hewa ya hapa ni nyepesi, na kikomo hicho kinashuka hadi mita 8.7 hivi. Hiyo ni ya karatasini. Ukitoa msuguano ndani ya mpira, gasketi zilizochoka na vimianya vya viunganishi, ukipata mita sita na kitu mshukuru Mungu. Kingo za mto Themi mnazijua zilivyo. Kuna mahali ukisimama darajani maji unayaona vizuri kabisa, na pampu haiyafikii.

Injini nayo inakosa pumzi. Injini ya petroli ya zamani, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Ikifika Arusha imeshaacha njiani sehemu moja kati ya saba. Kwa hiyo Bedford iliyofanya kazi Tanga na Bedford iliyofanya kazi hapa, hata zikitoka kiwandani siku moja, si gari moja. Huku dereva anapaswa kulisogeza gari karibu zaidi na maji, kulisetia kabureta upya, kujua ni wapi mtoni gari linaweza kushuka bila kuzama kwenye tope la masika. Kitabu cha mtengenezaji hakina ukurasa huo. Ujuzi kama huo wanao madereva wa pampu waliostaafu, na wazee wale hawaongezeki.

Miaka ya nyuma nilikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, sitaitaja, Bedford TK ya zimamoto ikikatwa kwa gesi. Ilitoka kwenye taasisi fulani, nayo sitaitaja. Vijana walikuwa wameanza na pampu, kwa sababu bodi za pampu za zamani na viunganishi vya mipira ni vya shaba, na shaba ndiyo yenye bei. Kengele ilishaondoka. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na karatasi zimelowa oili. Nikaziomba, nikapewa bure, maana karatasi haina kilo. Zilikuwa kurasa za daftari la safari: tarehe, saa ya kutoka, mahali, lita za petroli, sahihi. Sehemu kubwa haisomeki. Mstari mmoja unaosomeka unasema: bohari ya kahawa, pampu masaa sita, mpira mmoja umepasuka. Sijui bohari ya nani. Ila najua kwamba usiku ule kuna dereva alisimama masaa sita kwenye vishikio vya pampu akiangalia geji, na kilichobaki cha kazi yake ni mstari huo, kwenye kabati la gereji.

Mtaniambia mbona sheria ipo. Ipo, lakini kwa magari haina meno. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Mwaka huo gari la zimamoto la petroli halikuwepo popote duniani. Merryweather wa London walilitoa lile la Finchley, ambalo injini ya kulikimbiza ndiyo iliyoendesha pampu pia, mwaka 1904. Kwa hiyo magari yetu yote, hata lililo kuukuu kuliko yote, mbele ya sheria hiyo ni mtoto. Sheria inampa Waziri nafasi ya kutangaza kitu kilindwe hata kama si cha zamani hivyo, lakini Waziri hawezi kutangaza asichoandikiwa. Mkoa ndio wa kuandika.

Najua pia kuna watakaosema hizi ni starehe za Wazungu. Huko nako wanazo, sikatai. Marekani kulikuwa na bwana aliyeitwa George Getz ambaye mkewe alimpa zawadi ya gari la zimamoto la American LaFrance la mwaka 1924, na zawadi ile ikazaa makumbusho ya Hall of Flame, ambayo leo yako Phoenix, Arizona. Uingereza tangu 1962 wana msafara wa malori ya zamani kutoka London hadi Brighton, na magari ya zimamoto hayakosi. Lakini pampu yenyewe, ile ya pistoni na valvu inayosukuma maji kwa nguvu, alibuni mtu wa Alexandria, Misri, aitwaye Ctesibius, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Inasimuliwa kwamba baba yake alikuwa kinyozi. Mtoto wa kinyozi, mji wa Kiafrika, miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Mwenye kutaka kusema hii si yetu aanze na huyo.

Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yanaonesha magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na watu wanapanga mstari kupigwa picha. Nairobi wana makumbusho ya reli tangu 1971, na injini zile za mvuke zinawaingizia wageni hadi leo. Na sisi wenyewe Oktoba 2024 tulijaza barabara za Arusha kwa Land Rover, za kila umri, nyingine zimetoka mikoa ya mbali zikiendeshwa na wazee waliozinunua zikiwa mpya. Nilikuwepo. Vijana waliozaliwa enzi za IST walikuwa wanapanda juu ya bampa kuuliza hii Land Rover 109 inakunywa mafuta kiasi gani. Mkoa ulioweza kuandaa lile hauwezi kuniambia gari moja la zimamoto ni mzigo.

Hoja nzito ni nyingine, na sitaki kuikwepa. Vikosi vyetu vinahitaji magari mapya, vifaa vya kupumulia, ngazi za kufika ghorofani. Kata nyingi moto ukitokea wa kwanza kufika ni jirani na ndoo. Katika hali hiyo kumwambia Afande atunze mkweche inaweza kusikika kama dharau kwa waliounguliwa. Ndiyo maana siombi shilingi ya bajeti ya uzimaji. Naomba kitu ambacho kwenye vitabu vyenu tayari kina thamani ya chuma tu. Bei yake mnadani pengine haiwezi kununua hata tairi za gari jipya la zimamoto. Na gari linalofundisha watu wasijenge juu ya haidranti, wampishe dereva akipiga king'ora, na wapige 114 kabla ya kuanza kurekodi video, linawasaidia askari wa leo zaidi ya ile fedha.

Kuhusu nani alifanye kazi, mji huu una utajiri. Chuo cha Ufundi Arusha kipo, kina wanafunzi wa magari wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na mradi wa kufufua pampu utawafundisha mambo ambayo kompyuta ya kusomea makosa ya gari haiwezi. Mafundi wa Unga Limited tutajitolea. Nimeshaongea na wachonga spea, wapaka rangi na bwana mmoja wa rejeta ambaye huwa hakubali kitu bure lakini hili amelikubali. Injini ya petroli ya enzi hizo itahitaji viti vya valvu vigumu zaidi, kwa sababu ilitegemea petroli yenye madini ya risasi, na Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia Januari 2006. Hilo tunaliweza. Bitana za breki na klachi za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, kwa hiyo zisikwanguliwe kiholela. Zitolewe zikiwa zimelowa, mtu amevaa barakoa, zifungwe na kutupwa inavyopasa. Mengine ni grisi na uvumilivu.

Mahali? Mimi ningeliweka kwenye uwanja wa Boma, ilipo Makumbusho ya Historia Asilia, kwa sababu watalii wanapita na wanafunzi wanapelekwa. Wenzangu wanapendelea karibu na Mnara wa Mwenge, jirani na Makumbusho ya Azimio, ambako watu wa Kaloleni na Ngarenaro watalifikia kwa miguu. Popote litakapowekwa, liwe chini ya paa. Jua la Arusha na mvua zake litalimaliza gari kwa ukimya, na baada ya miaka mitano mtaambiwa tena ni bovu.

Kuna mambo nawasihi msiyafanye, maana nimeyaona yakifanyiwa magari mengine. Msilijaze udongo mkapanda maua. Msiruhusu mdhamini alipake rangi ya kampuni yake. Msitoe injini ili "liwe jepesi kuhamisha". Msing'oe namba. Kama lina namba ya SM, ya tangu vikosi vilipokuwa chini ya halmashauri kabla ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007, namba hiyo ni ushahidi kuliko kibao chochote cha marumaru. Hata mikwaruzo kwenye bodi isipakwe yote. Mwenye jicho anaona ngazi ilikuwa inashushwa upande gani na mtu gani alikuwa mfupi.

Na watoto wasipande nje likitembea. Hata wakubwa. Magari ya mwanzo yalikuwa na bodi iliyopewa jina la James Braidwood, mkuu wa kikosi cha London aliyefariki motoni mwaka 1861. Wazimamoto walikaa pembeni, migongo ikiangaliana, wameshika chuma tu. Kona kali iliwaangusha wengi, ndiyo sababu miaka ya 1930 bodi zilianza kufungwa.

Isipokuwa nina wazo moja ambalo mke wangu anasema litawafanya msome barua hii mara ya pili. Harusi. Huku kwetu matarumbeta hupanda pikapu na kutangulia msafara. Fikirieni matarumbeta juu ya gari jekundu la zimamoto, limesimama wakati wa kupiga na linatembea taratibu wakiwa wameketi ndani, kengele inagongwa kuzunguka Mnara wa Saa. Uingereza wanayakodisha magari ya hivi kwa harusi. Ada ya Jumamosi mbili kwa mwezi italipa petroli, mlinzi na mafuta ya breki, na Jiji halitatoa kitu. King'ora kibaki kimefungwa, Afande, hapo nipo upande wako. Mtu akizoea kukisikia kwenye harusi hatapisha siku ya moto.

Nikiulizwa siku ya uzinduzi ningechagua Mei 4, Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto. Asubuhi askari waliopo kazini wapange magari yao ya sasa, la zamani litangulie, na ndani yake wakae wastaafu wenyewe, si wageni rasmi. Wageni rasmi watapata viti vyao uwanjani. Kisha pampu ishushiwe mpira kwenye maji, mzee mmoja apewe vishikio, tuone kama Themi bado inapanda.

Lakini hayo yana muda. Lililo la haraka ni dogo na halihitaji kikao. Afande, waagize watunza stoo wapekue magari yote mabovu yaliyoegeshwa nyuma ya vituo: chini ya viti, kwenye maboksi ya vifaa, nyuma ya sanviza. Mkurugenzi, masijala ya Jiji huenda bado ina leja za miaka ambayo zimamoto ilikuwa ya halmashauri. Zisipelekwe kuchomwa pamoja na mafaili ya ada za masoko. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, tunaomba orodha ya magari ya zimamoto yanayosubiri kufutwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku 30 kabla ya mnada, yenye namba ya chesisi na mwaka wa kutengenezwa. Nitakuja kuisoma na kalamu yangu. Wastaafu wanaopenda kusimulia waelekezwe gerejini kwangu Unga Limited. Chai ipo, na kijana wa kuandika nimeshampata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi magari, Unga Limited, Arusha.

Nakala kwa:
Makumbusho ya Historia Asilia, Boma, Arusha
Makumbusho ya Azimio la Arusha
Mkuu wa Chuo, Chuo cha Ufundi Arusha – kitengo cha magari
Wastaafu wote wa zimamoto, popote walipo